Redio za meshi kwa mashua za Amu: kwa nini orodha ya kwanza ilirudishwa

Kikundi kimoja cha manahodha na wavuvi wa Amu (Lamu) kilileta orodha ya manunuzi iliyokwisha kupigwa hesabu: bodi 30 za redio aina ya Heltec V3, antena 30, betri 30. Kila mashua ipate moja, zitakazobaki zifungwe gatini na kwenye nyumba za wanachama. Hoja ya mweka hazina ilikuwa na nguvu. Bodi hiyo huuzwa kama dola 20 kabla ya usafiri na ushuru, ina skrini, ina WiFi na Bluetooth, na vijana wa kikundi walishajifunza kuipakia Meshtastic, programu inayofanya redio zirushiane ujumbe. Nikaombwa niipitie orodha na kutia sahihi.

Sikutia. Heltec V3 si bodi mbaya. Ni bodi nzuri ya kujifunzia, na chache zimebaki hata kwenye orodha mpya. Kasoro ni kwamba orodha ile ilinunua redio 30 bila kununua hata mlingoti mmoja.

Wanachotaka kuambiana

Mjini Amu na gatini Mokowe simu haina matata. Ukishatoka nje ya mwamba, au ukiingia katikati ya mikoko, mawasiliano huwa ya kubahatisha. Shida zenyewe si za filamu. Mvuvi wa kamba mawe anarudi Kizingitini na anataka kujua kama mnunuzi amefika. Boti ya abiria ya Mtangawanda, kisiwani Pate, imekwama kwenye fungu maji yakiwa yamekupwa, hakuna hatari yoyote, ila watu nyumbani wana wasiwasi. Nahodha wa Kipungani anataka kuambiwa hali ya bahari upande wa Shela kabla hajamwaga petroli yake.

"Mwanangu, sisi hatutaki kupiga soga baharini," nahodha mmoja alisema kikaoni. "Twataka kujua barafu iko au haiko."

Kauli hiyo ilinisaidia kuliko karatasi yote ya orodha. Ujumbe mfupi wa maandishi, unaoweza kuchelewa nusu dakika bila kumdhuru mtu, ndio kazi hasa ya LoRa, teknolojia ya redio iliyomo kwenye bodi hizo. Teknolojia hii ilibuniwa na kampuni ya Kifaransa ya Cycleo, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Hutuma data polepole sana kwa mawimbi yanayopanda masafa mfululizo, na mpokeaji huweza kuyatambua hata yakiwa dhaifu kuliko makelele ya hewani. Meshtastic, iliyoanzishwa na Kevin Hester mwaka 2020, inaongeza umeshi juu yake: kila nodi, yaani kila redio ya mtandao, inayosikia ujumbe inaweza kuurusha tena, bila mnara wa kampuni ya simu na bila intaneti. Kwa mpangilio wake wa kawaida kasi ni kama kilobiti 1 kwa sekunde. Picha na sauti, sahau.

Kabla ya kwenda mbele, swali la usalama lilipaswa kumalizwa, kwa sababu kuna mwanachama aliyeanza kusema vifaa hivi vitaokoa maisha. Chombo cha kuombea msaada baharini ni redio ya VHF, chaneli 16, megahezi 156.8. Meli inayoelekea bandari mpya ya Lamu inaisikiliza chaneli hiyo. Meshi ya kikundi haisikilizwi na yeyote nje ya kikundi. Tena VHF haihitaji simu wala Bluetooth, unabonyeza na kusema. Msimamo wangu ulikuwa mkali hapa na bado ni huo: kama pesa inatosha kitu kimoja tu, kwanza jaketi za kuokolea na VHF za mkononi, meshi ingoje mwaka mwingine. Walikuwa nazo VHF, ingawa si za kutosha, na sehemu ya pesa ikahamishwa kuziongeza. Ndipo tukarudi kwenye meshi.

Mgongo wa dunia, Manda na mikoko

Kwenye maji matupu kinachokata redio ni mgongo wa dunia. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita ambazo antena hiyo inafikia upeo wake. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, jumlisha. Watu wawili kwenye mashua, antena zikiwa mita 2 juu ya maji, wanapata pungufu kidogo ya kilomita 12. Mmoja akibaki mashuani na mwingine akiweka antena mita 16 juu, wanapata kilomita 22. Antena zote mbili zikiwa mita 16, kilomita 33. Hakuna chipu iliyotajwa katika hesabu hiyo, na ndiyo maana mjadala wa bodi gani bora uliahirishwa kwanza.

Kilomita hizo nazo ni za juu kabisa. Mawimbi hayasafiri kama uzi mwembamba; yanahitaji nafasi ya kupumua kuzunguka mstari wa kuonana. Kwa megahezi 868 na umbali wa kilomita 20, nafasi hiyo katikati ya safari ina nusu kipenyo cha kama mita 41. Mlingoti wa mita 16 hauwezi kuitoa yote, kwa hiyo sehemu ya nguvu hupotea kwa kuparuza maji. LoRa ina akiba ya kulipia hasara hiyo. Kwa kilomita 20 za hewa tupu upotevu ni kama desibeli 117 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi inavyopungua au kuongezeka), na mpangilio wa kawaida wa Meshtastic unavumilia takriban desibeli 150. Akiba ya desibeli 30 na ushee ni nyingi baharini. Kwenye mikoko huliwa haraka.

Na hapa Amu mikoko ndiyo ramani yenyewe. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kutoka Amu mjini hadi Mtangawanda ni kama kilomita 20 kwa mstari ulionyooka, hesabu inasema yawezekana, lakini kisiwa cha Manda kimelala katikati na vichaka vyake. Matondoni ni karibu zaidi, chini ya kilomita 10, na bado iko upande wa pili wa kisiwa, nyuma ya minazi. Faza iko zaidi ya kilomita 30, huko hakuna haja ya kubishana: bila nodi ya kati hakuna ujumbe.

Ndani ya mji wa kale mambo ni magumu kwa namna yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, vichochoro ni vyembamba, na redio iliyowekwa sebuleni haisikii chochote isipokuwa jirani. Antena ni lazima ipande juu ya dari. Lakini mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na fimbo nyeupe inayochomoza juu ya dari za makuti si jambo la mtu kujiamulia. Wazee wa mtaa na watu wa makumbusho waliulizwa kwanza. Mwanachama mmoja alipendekeza matuta ya mchanga ya Shela, kwa kuwa yako juu na wazi. Yako juu kweli. Ila chini ya matuta hayo ndiko yaliko maji matamu ya kisiwa, na kuanza kuchimbia milingoti huko ni kutafuta ugomvi usio na sababu.

Baada ya kuzunguka na kutazama, vituo vikawa hivi: dari moja refu Amu, mnara wa tangi la maji kaskazini mwa Manda, nyumba ya mwanachama Matondoni, na mlingoti mpya Mtangawanda. Faza awamu ya pili. Kwa mpango huo, ujumbe wa mashua ya Faza kwenda Kipungani utarushwa mara tano: Faza, Mtangawanda, Manda, Amu, Matondoni. Meshtastic hutoka kiwandani ikiruhusu mirusho mitatu na kikomo chake ni saba. Kwa hiyo mashua zote ziwekwe tano. Kitu kidogo, dakika moja kwenye simu, lakini asiyekijua atalaumu antena.

Umeme ndio uliochagua bodi

Sasa bodi. Nodi ya juu ya tangi haina soketi. Inaishi kwa betri na paneli ndogo, na inapaswa kusikiliza usiku na mchana, kwa sababu nodi inayolala haiwezi kurusha ya wenzake.

Heltec V3 inatumia kompyuta ndogo ya ESP32-S3. Bodi niliyoipendekeza badala yake, RAK4631 ya familia ya WisBlock, inatumia nRF52840. Chipu ya redio ni ileile kwenye bodi zote mbili, SX1262, yenye nguvu ileile ya kutuma hadi 22 dBm. Kwa hiyo anayesema RAK "inafika mbali zaidi" anauza maneno. Tofauti iko kwenye njaa. Bodi za ESP32 katika matumizi ya kawaida hula karibu miliampia 100. Za nRF52840 hula karibu 10.

Weka betri mbili za lithiamu za ukubwa wa 18650, za kweli, jumla miliampia-saa 6,000. RAK itakaa siku 25 bila kuona jua. Heltec itakaa siku mbili na nusu. Wakati wa masika, wingu likitanda siku tatu mfululizo, nodi ya Heltec juu ya tangi la Manda imezima na mtu anapaswa kukodi boti kwenda kuiwasha. Nauli ya safari moja kama hiyo inameza tofauti yote ya bei. Ukitaka ESP32 iishi hapo itabidi paneli ya wati 5 au 6 na betri kubwa, navyo vinaleta sanduku kubwa, na sanduku kubwa linashika upepo wa kusi. RAK inaridhika na paneli ya wati 1 au 2. Heltec T114 nayo ina nRF52840 na ni rahisi zaidi. Niliiweka kama chaguo la pili iwapo RAK zitachelewa kufika.

Neno "za kweli" hapo juu halikuwekwa kwa mapambo. Madukani kuna 18650 zilizoandikwa 9,900. Seli ya ukubwa huo haijazidi sana 3,500, basi yenye kujisifu 9,900 mara nyingi haifiki hata nusu ya 3,500. Seli zitolewe kwenye chapa inayojulikana au zipimwe kwanza kwa chaja yenye kupima ujazo. Mtu mwingine aliuliza kuhusu betri za LiFePO4 kwa sababu zinavumilia joto. Ni kweli zinavumilia, lakini hujazwa hadi volti 3.6 na saketi ya chaji ya bodi hizi imetengenezwa kwa seli za volti 4.2. Bila chaja yake yenyewe utaiharibu. Tukabaki na lithiamu ya kawaida, ndani ya sanduku jeupe, likifungwa chini ya paneli ili paneli yenyewe iwe kivuli. Seli hizi hazipaswi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na sanduku jeusi kwenye jua la Amu adhuhuri hupita hapo bila kuulizwa.

Chumvi ilipewa bajeti yake. Boliti za chuma kisichoshika kutu, utepe wa mpira unaojishika wenyewe kwenye kila konekta ya nje, dawa ya kupaka bodi kabla ya kufungiwa, na tundu dogo chini ya sanduku la kutolea jasho. Watu hupenda kuziba sanduku kabisa kwa silikoni. Unyevu ulioingia mchana unageuka maji usiku na hauna pa kutokea.

Antena, na ile namba 915

Kwenye orodha ya kwanza antena zilikuwa "za kuja na bodi". Kipande kile cha waya uliojikunja ni cha kujaribia mezani. Kwa vituo vya juu nilichagua antena za faibaglasi za 5 hadi 6 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya nguvu), kwa mashua za 2 hadi 3. Wengi walitaka 10 kwa mashua. Antena ya namna hiyo hukusanya nguvu kwenye bapa jembamba la usawa, na mashua inayoyumba italirusha bapa hilo mara mbinguni mara majini.

Kebo nayo huiba kimyakimya. Ile nyembamba ya RG174 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye masafa haya. LMR-400 hupoteza 0.13. Ukinunua antena nzuri ukaishusha kwa mita sita za kebo nyembamba, umetupa desibeli sita, yaani robo tatu ya nguvu yako imepasha joto kebo. Dawa rahisi ni kupandisha sanduku zima juu pamoja na antena na kuacha kebo ya sentimita chache. Konekta ziangaliwe moja moja: SMA na RP-SMA zinafanana kwa nje na zinafungana vizuri, ila sindano haigusi na redio inabaki bubu. Na asiwashe mtu bodi bila antena. Nguvu isiyo na pa kwenda inarudi kwenye chipu.

Kosa zito zaidi kwenye orodha lilikuwa namba moja: megahezi 915. Ndiyo bei nafuu iliyoonekana, kwa kuwa ni masafa ya soko la Marekani. Kenya iko kwenye Kanda ya 1 ya ITU, shirika la dunia la mawasiliano, ambako masafa ya 902 hadi 928 hayajaachwa wazi kwa vifaa vya aina hii. Simu za masafa ya 900 hapa hutuma kwenda mnarani kati ya 880 na 915, na minara hujibu kuanzia 925. Kutumia mpangilio wa Marekani ni kuingia katikati ya mazungumzo ya watu. Sahihi kwetu ni 868, na mpangilio wa Meshtastic wa eneo hilo unakaa 869.525. Bodi zilizoandikwa 868 na 915 mara nyingi ni kitu kilekile ndani, ila antena zake si sawa. Bodi za 433 ni kitu kingine kabisa. Vifaa vya redio vinahitaji pia idhini ya aina (kibali cha muundo wa kifaa) kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, na katika kaunti yenye doria nyingi kama hii ni busara chifu na walinzi wa pwani wajue mapema masanduku yale ni ya nini, kuliko kuyaeleza baada ya mtu kuyakuta juu ya tangi.

Kuhusu bodi zenye kikuza nguvu cha wati 1, jibu fupi: hapana. Unakuwa na mdomo mkubwa na masikio yaleyale. Mtangawanda itakusikia na wewe hutaisikia ikijibu.

Mashuani

Hapa ndipo mweka hazina alipopata ushindi wake. Mashua hurudi jioni, betri huchajiwa nyumbani, basi njaa ya ESP32 inavumilika. Lakini skrini ya Heltec, ile iliyowavutia wengi, haisomeki juani. Kifaa kingine, T-Echo, kina skrini ya wino wa kielektroniki inayosomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyowaka, kina GPS, na hutumia nRF52840. Hakivumilii maji, kwa hiyo huishi ndani ya mfuko mkavu. T1000-E ya Seeed ni ndogo kama kadi, imefungwa vizuri dhidi ya maji, bei kama dola 40, ila antena iko ndani, na mfukoni mwa mtu aliyekaa tezi inasikia kwa taabu.

Tulichokubaliana ni sanduku dogo lisilo na skrini, bodi ya nRF52840 ndani, antena ikipandishwa kwenye mlingoti, nahodha akisoma kwa simu yake kupitia Bluetooth. Wenye simu za kabambe ni wachache lakini wapo, na ni wazee ambao hawabadilishi simu kwa ajili ya kikundi. Hao walipewa T-Deck, yenye kibodi yake, isiyohitaji simu. Heltec V3 zikabaki tatu: moja ofisini Amu kwa kuwa ina WiFi na inaweza kuunganisha meshi na intaneti, mbili za vijana kufundishia.

Jambo la GPS lilizua kelele. Wenye mashua walitaka kuona chombo kipo wapi kila dakika. Ujumbe mfupi wa takriban baiti 50 unachukua sekunde 0.6 hivi za hewa. Tuseme mashua ni 30, kila dakika, kila ujumbe ukirushwa tena na vituo vitatu: ni zaidi ya dakika 70 za hewa ndani ya saa moja yenye dakika 60. Haiwezekani, na hapo hakuna aliyeuliza habari za barafu bado. Kila dakika 15, hewa inayotumika ni kama dakika tano kwa saa, na ujumbe wa watu unapata nafasi. Kwa sababu hiyohiyo ni vituo vinne tu vilivyopewa wajibu wa kurusha kwanza. Mashua zikijipa wajibu huo zinakanyagana.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini si MeshCore, programu nyingine ya meshi ambayo hurusha kupitia vituo maalumu tu na kuruhusu mirusho mingi zaidi. Swali zuri. Bodi tulizochagua zinakubali programu zote mbili, hivyo kikundi kinaweza kuhama bila kununua kitu. Vyovyote watakavyochagua, ufunguo wa chaneli uliokuja na Meshtastic unajulikana dunia nzima. Wa kikundi utengenezwe upya na ukae kwa katibu.

Idadi kwenye agizo la kwanza imeshuka kutoka 30 hadi vituo vinne, masanduku sita ya mashua, T-Deck mbili, Heltec V3 tatu, na kifaa kimoja cha NanoVNA cha kupimia antena kabla hazijapandishwa. Mweka hazina hakufurahia kuona mlingoti wa Mtangawanda peke yake ukila zaidi ya bodi zote kumi za vituo na mashua. Mashua nyingine zitapata zao Manda ikishapita masika bila kuzima. Faza imesubirishwa hadi mlingoti wa Mtangawanda uone kusi moja. Pesa yake imewekwa kando, na kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba haitaguswa kununulia skrini.